Dalmas na Watano Wake

Dalmas aliletwa nyumbani kwa Abu Yazid, mtaa wa Al-Safa huko Jeddah, wakati ule maajenti wa Nairobi walipokuwa wakituchota kama maji ya mto. Mimi nilikuwa mpishi wa nyumba hiyo kabla yake, na sahani yake ya kwanza ya wali nilimpakulia mimi, kwa hiyo ninayoyaandika si ya kuokota njiani. Watu wa kwetu wamezoea kusema Dalmas alikwenda Uarabuni akarudi mikono mitupu. Hawajui alichokuwa amekishika kule, wala jinsi kilivyomponyoka.

Alikuwa jitu la mtu. Chumba cha dereva kilikuwa kando ya geti, mlango wake mwembamba, naye alikuwa akiingia kwa ubavu kama mtu aliyebeba godoro. Lorine, msichana wa Siaya aliyekuwa akifanya usafi wa nyumba, alimchungulia kupitia dirisha la jikoni, kisha akanigeukia.

“Mama Lois, huyu tutamlisha nini? Madam anunue ng’ombe.”

“Funga mdomo, atakusikia.”

“Na asikie. Si masikio anayo ya kutosha?”

Kweli masikio yake yalikuwa yamevimba na kukunjamana kama uyoga. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ni masikio ya mchezo. Kwao ni Vihiga. Ujana wake wote alicheza raga Kakamega, akiwa miongoni mwa wale wazito wa mbele wanaosukumana vichwa vikiwa chini. Magoti yalipochoka, chuo kimoja cha ualimu kilimchukua awafundishe wazito wao. Cheti hakuwa nacho. Alifundisha kama kibarua, muhula baada ya muhula, mpaka vijana wake wakawa wanaogopwa vyuo vyote vya jirani.

Siku moja akaamua kuingia ofisini kwa mkuu wa chuo, aombe kuandikwa kazi kama watu. Mkuu akamtazama kutoka juu hadi chini. “Unakuja peke yako kama mtu asiye na ukoo? Wazee wako wako wapi?” Waliokuwemo ofisini wakacheka. Muhula uliofuata kazi ile akapewa mwingine, aliyejua kuleta wazee. Dalmas alilimeza neno lile, nalo halikuyeyuka. Alinisimulia habari hiyo mara nyingi.

Ajenti alimwambia anakwenda Riyadh kufundisha watu mazoezi ya viungo. Alipotua, akaambiwa yeye ni dereva wa nyumba, na nyumba iko Jeddah. “Nilipouliza,” alituambia, “wakanijibu kwamba kuendesha gari pia ni zoezi.”

Basi akaendesha. Madam sokoni, wasichana shuleni, Yazid chuoni. Yazid ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume wa pekee, kijana mkubwa mwenye mwili wa kutepeta na sauti ya chini. Baba yake alikuwa akimwita gunia mbele ya wageni, kwa mzaha, na wageni wakicheka naye Yazid alikuwa akicheka pia, akitazama zulia. Huko chuoni alikuwa amejiunga na timu mpya ya mpira wa Kimarekani, iliyoanzishwa na mwalimu kijana aliyeitwa Hatim, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Amerika. Mchezo huo sisi hatukuujua. Ilibidi Dalmas atueleze, amesimama dirishani kwangu na kikombe cha chai.

“Kuna mmoja anayerusha mpira. Mbele yake wanasimama watano, wazito. Wapinzani wanakuja mbio wamwangushe yule mrushaji, na hawa watano kazi yao ni kuzuia.”

“Na wao mpira wanaushika saa ngapi?” Lorine akauliza.

“Hawaushiki.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Kumbe ni maaskari wa geti! Watoto wa matajiri wanakwenda chuo kusomea uaskari, na kaka zetu wanaufanya hapa bila shule!”

Dalmas alicheka mpaka chai ikammwagikia shatini.

Yazid alikuwa mmoja wa wale watano. Ndiye aliyemwambia Hatim kwamba dereva wao alikuwa mwalimu wa wazito huko kwao. Hatim mwenyewe alikuwa mrushaji alipokuwa Amerika, na alisema wazi kwamba habari za watu wa mbele anazijua kwa kuwatazama migongo tu. Alikuwa akitafuta mtu. Akamwita Dalmas kutoka garini, akamjaribu jioni moja, akamjaribu ya pili, kisha akamwambia: “Hawa watano ni wako. Mimi nitashughulika na wengine. Mrushaji wangu akiangushwa sitamuuliza kijana yeyote. Nitakuuliza wewe.”

Neno hilo lilimnyoosha mgongo. Jioni ile nilimwona akiosha gari la madam, ungedhani gari linakwenda harusini.

Tangu hapo ua wa nyuma haukuwa wangu tena. Dalmas alikuwa na desturi ya kuchukua ugonjwa wa kila kijana peke yake. Yazid ugonjwa wake ulikuwa kuinuka mapema; mpira ukianza tu anasimama wima kama mlingoti, na aliye chini yake anamwondoa. Dalmas akaiteremsha kamba yangu ya kuanikia nguo mpaka usawa wa kifua, akamwamuru Yazid apite chini yake huku na huku, makalio chini, kichwa juu, asiiguse. Kamba ilikuwa na mashuka.

“Dalmas! Shuka la madam hilo!”

“Mama Lois, akiligusa shuka tutajua ameinuka.”

“Akiligusa shuka utalifua wewe!”

Akalifua. Alifua mashuka mengi msimu ule, mtu mzima mwenye kifua kama kabati, ameinama kwenye beseni.

Mwingine, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, alikuwa na nguvu lakini mikono yake ilitawanyika kama ya mtu anayefukuza nyuki. Huyo Dalmas alimletea sinia langu kubwa, lile la kupakulia mbuzi mzima, akaliweka kifuani pa Yazid, akamwambia yule kijana asukume sinia tu, asiguse kingine. Lilikunjika. Madam akaniuliza limekunjwa na nini, nikamwambia na mbuzi.

Nasema haya kwa sababu niliyaona. Uwanjani sikufika hata siku moja, wanawake hatukuwa tukiingia huko. Lakini mashati ya mchezo ya Yazid nilifua mimi, na Dalmas akanifundisha kwamba timu hiyo inapimwa kwa shati la mrushaji. Likirudi safi, watano wamefanya kazi. Likirudi na mchanga, wamelala.

Mchezo wao wa kwanza mrushaji alivunjika mfupa wa bega. Yazid ndiye aliyepitwa. Dalmas alirudi, akaegesha gari, akakaa kitandani mwake mlango wazi, chakula akakikataa. Nikamfuata na sahani.

“Kula. Kosa ni la mtoto, si lako.”

“Si la mtoto, Mama Lois. Mimi nilimpeleka uwanjani hajaiva. Wewe ukipeleka mezani ugali mbichi, unaulaumu ugali?”

Mimi ni mpishi, neno hilo nalijua.

Akaanza upya na Yazid kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Hakumpigia kelele. Akikosea alikuwa akimshika nyonga kwa mikono yote miwili, akimweka panapostahili, akisema, “Hapa. Kaa hapa. Yalla, tena.” Na kijana akabadilika. Si kwamba alikonda. Alikuwa mzito vilevile, ila uzito wake ukapata mahali pa kukaa. Akaanza kuingia jikoni na kusalimu kwa sauti ya kusikika. Msimu ulipokwenda, mrushaji akawa anatoka uwanjani shati lake safi, halina hata punje ya mchanga.

Abu Yazid hakujua lolote. Si kwamba tulikula njama. Yeye alikuwa mtu wa biashara, siku nyingi hayupo, na akilini mwake dereva hukaa garini kungoja. Hakuna aliyefikiri kumwambia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Ndipo ikaja ile operesheni ya mwaka 2013. Serikali ikatangaza kwamba kila mgeni afanye kazi kwa kafili wake tu, yule mwajiri aliyeandikwa kwenye ikama yake, ile kadi ya ukaazi. Anayekutwa kwa mwingine anakamatwa na kurudishwa kwao. Mitaa ikanyamaza. Wakenya tuliokuwa tukikutana Ijumaa tukaacha kukutana. Hatim akamwita Dalmas, akamwambia mambo mawili. La kwanza, chuo kimekubali kumchukua awe mwalimu wa wale watano kwa haki, na jina lake litaandikwa. La pili, hawezi kukanyaga uwanja tena mpaka Abu Yazid atoe tanazul, ile karatasi ambayo kafili hutia sahihi kwamba amekuachilia uende kwa mwingine.

Dalmas alikuja dirishani kunieleza. Kazi aliyonyimwa kwao sasa ilikuwa imekuja yenyewe ikisema taja jina lako. Ilibaki sahihi moja.

Yazid alikuwepo pale pale. “Nitamwambia baba leo.”

“Hapana,” Dalmas akasema.

“Basi Hatim ampigie simu. Baba anamheshimu.”

“Hapana. Wewe ni mtoto kwake na mwanafunzi kwangu, huwezi kuniombea. Na Hatim ndiye anayenitaka. Anayetaka ng’ombe haendi mwenyewe kumfungua zizini.”

“Basi omba mwenyewe.”

Dalmas akanitazama mimi, si Yazid. “Niliwahi kuomba mwenyewe,” akasema.

Alikuwa na mjomba Riyadh, Reuben, ndugu wa mama yake tumbo moja, mpakiaji mizigo kwenye maghala ya Al-Sulay. Mzee wa kanisa huko nyumbani, mtu wa sauti ya pole, aliyekwisha kusimamia mahari za nusu ya ukoo. Dalmas akampigia simu, na Reuben akakubali kabla hajamaliza kuombwa. Jambo kubwa kama hilo huombwa na mzee, mbele ya mwenye boma, tena si kwa mikono mitupu. Ndivyo tulivyolelewa.

Reuben akapanda basi kutoka Riyadh, msimamizi wake hana habari. Alifika Al-Safa amevaa koti na tai katika joto lile la Jeddah, jasho likimtoka kama amenyeshewa, na chini ya kwapa amebeba jogoo aliyemnunua sokoni njiani. Lorine alipomwona akajificha nyuma ya friji kucheka.

“Mama Lois, huyu anakuja kumwoa Abu Yazid?”

“Kwenda huko! Huyo ni mzee wa watu.”

Nilipika siku ile kama ninayepikia wakwe. Wakaketi sebule ya wanaume. Mimi nilipeleka kahawa mpaka mlangoni, nikabaki koridoni, na mlango ulikuwa haujafungwa.

“Karibu,” Abu Yazid akasema. “Wewe ni nani?”

“Mimi ni mjomba wa Dalmas, baba. Ndugu wa mama yake.”

“Dalmas ana shida?”

“Hana shida, alhamdulillahi. Umemtunza vizuri. Nimekuja kukushukuru, na kumwombea.” Reuben akaeleza pole pole, kwa Kiarabu chake cha maghalani, kwamba kuna chuo kinamtaka kijana awe mwalimu wa vijana wao, naye Yazid akiwemo, na kwamba ukoo unaomba sahihi yake. Akamsogeza jogoo mbele.

Kwanza Abu Yazid alicheka. Nadhani jogoo alimchekesha. Kisha kicheko kikaisha.

“Unatoka wapi wewe?”

“Riyadh, baba.”

“Umetoka Riyadh kuja kuniomba dereva wangu nimpe mtu mwingine.”

“Kwa heshima, baba.”

“Dereva aliyepita naye aliletewa mjomba. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Baada ya juma moja dereva hakuonekana, na yule mjomba alikuwa dalali, anauza madereva nyumba kwa nyumba. Wewe unamuuza Dalmas kwa nani?”

“Simuuzi, wallahi. Ni mtoto wa dada yangu.”

“Nipe ikama yako.”

Nikasikia koti likipapaswa. Abu Yazid akaisoma kadi, akaipiga picha kwa simu yake. Kisha akamwita Yazid, akamuuliza kama habari hiyo ni kweli. Yazid akasema ni kweli, mwaka mzima sasa. Akamuuliza kama mama yake anajua, Yazid akasema anajua kidogo. Kama watu wa jikoni wanajua. Yazid akatazama zulia.

“Kila mtu katika nyumba yangu anajua,” Abu Yazid akasema, bila kupaza sauti, “mpaka mtu asiyejulikana kutoka Riyadh anajua. Mimi peke yangu ndiye sijui. Halas. Mzee, chukua kuku wako.”

Reuben alitoka amemkumbatia jogoo, koti limelowa mgongoni. Chakula changu hakikuguswa. Alipofika Riyadh alikuta kafili wake amekwisha kupigiwa simu. Akarudishwa nyumbani kwa kosa la kuacha kazi bila ruhusa.

Dalmas yeye hakufukuzwa. Abu Yazid alikuwa na ndugu mwenye ghala la vigae na saruji huko huko Al-Sulay, akahamishiwa kwake. Sahihi ilitoka, ndiyo, lakini ilikuwa ya kumpeleka kule. Yazid alimshika baba yake mkono, akalia, kijana mwenye ukubwa ule. Baba yake akamwambia, “Unalilia mtumishi?” Asubuhi yake Dalmas alipita dirishani na begi lake. Mimi nilimpa mkate.

Siku chache baadaye madam aliingia jikoni, akasimama akitazama sufuria zangu. “Angeomba Yazid,” akasema, “angempa. Yazid hajawahi kumwomba baba yake kitu chochote.”

Watu wameniuliza kama tulikosea. Reuben alikuja kwa mlango wa mbele, mchana, na koti na jogoo. Kwa mila zetu hakukosea hatua hata moja, na hilo sitalifuta kwa ajili ya mtu yeyote. Ila nyumba haikuwa yetu.

Mwaka uliofuata dada wa madam alijifungua Riyadh, nasi tukaenda kumsaidia, katika ghorofa la zamani mtaa wa Al-Murabba. Yazid alikuja pia, kwa sababu timu yao ilikuwa na mchezo Riyadh Ijumaa ile. Timu yenyewe ilikuwa imechoka. Hatim alijaribu kuwafundisha wale watano mwenyewe, akashindwa; wawili walikuwa wameacha. Yazid alikuwa bado anasimama mahali pake, lakini sauti yake ilikuwa imerudi chini. Mwanzoni Dalmas alikuwa akimpokelea simu, akimwelekeza kwa maneno. Kisha akaacha kupokea.

“Umm Lois,” Yazid akaniambia, “wewe atakupokelea. Mwambie mchezo ni saa kumi. Hatim amesema asimame karibu na sisi. Asimame tu.”

Nilimpigia, akaja Ijumaa mchana. Tukakaa kwenye ngazi za nyuma za jengo, nimembebea wali na kuku. Vumbi la saruji lilikuwa limemwingia kwenye mikunjo ya masikio, na mkono mmoja alishindwa kuufumba vizuri. Akala. Nikampa ujumbe.

“Siendi,” akasema.

“Huendi kwa nini? Leo si Ijumaa? Si umepumzika?”

“Nikienda nitasimama wapi, Mama Lois?”

“Pembeni. Si ameshakwambia? Pembeni kama watu wengine.”

“Pembeni siwezi. Nitamwona Yazid anainuka, nitapaza sauti. Nikipaza sauti nimefanya kazi, na kazi hiyo si ya kafili wangu.”

“Nani atakusikia katika kelele zile?”

“Mjomba nani alimsikia, hata kafili wake akajua?”

Nikapandwa na hasira. “Mimi ni mkubwa wako. Nakuambia nenda.”

Akatabasamu kidogo, bila furaha. “Mkubwa mmoja alishanisaidia,” akasema. “Yuko nyumbani anachunga mbuzi wa watu, hana hata shamba. Mke wake hanipokelei salamu.” Akasukuma sahani. “Na wale si wangu tena. Mtu akiangushwa leo, mimi sitaulizwa. Unajua ni kitu gani hicho, kutoulizwa?”

Simu yake ikaita mfukoni. Akaitoa, tukaona wote wawili jina la Yazid. Akaishika mkononi ikilia mpaka ikanyamaza, kisha ikalia tena, akaishika vilevile. Hakuizima. Kisha akanawa mikono kwa maji ya chupa, akaniaga kwa adabu kama mtoto aliyelelewa, akashuka kuelekea Al-Batha, kwenye magari ya kurudi Al-Sulay. Uwanja ulikuwa upande mwingine.

Yazid alirudi baada ya magharibi, analemea mguu mmoja, shati limechanika begani. Wengine walikuwa wamekaa na mtoto mchanga. Alinikuta jikoni.

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia.”

“Akasema nini?”

“Alikuwa kazini,” nikasema.

“Ijumaa?”

“Ijumaa.”

Akaomba maji. Nikampa, akanywa, akarudisha gilasi. Kabla msimu ule haujaisha, aliacha mchezo.